Uso Ninaosafiri Nao

4 Machi

Leo nimekwenda kwa wakala wa tiketi. Ofisi yake iko ghorofani, juu ya duka la magodoro, na ngazi zote zinanuka nailoni mpya. Nikamtajia mji ninaotaka kwenda. Akainua macho kutoka kwenye kompyuta.

"Dada, huko mbali. Una ndugu?"

"Nina pacha."

"Basi raha. Atakupokea uwanjani."

Sikumsahihisha. Nikamwacha abofye vitufe vyake. Akanieleza kuwa hakuna ndege ya moja kwa moja, itabidi nipande juu kabisa, nisinzie kwenye viti vya uwanja wa ndege wa watu, kisha nishuke tena upande wa pili wa bara. "Ni kama kwenda chooni kwako kwa kupitia nyumba ya jirani," alisema, akacheka peke yake. Mvua ikaanza kupiga bati. Ndiyo ya kwanza mwaka huu. Nikamwambia atafute tarehe za mwisho wa Mei, mvua zikikatika.

Pacha wangu alizaliwa kwanza, mimi nikafuata kabla mkunga hajanawa mikono. Kwa hiyo yeye ni Mkubwa na mimi ni Mdogo, na majina yetu ya cheti hakuna anayeyakumbuka nyumbani. Aliolewa na fundi wa mitambo ya kuchimba visima, mgeni aliyekuja kufanya kazi huku, wakahamia kwao. Mwaka jana, mvua kama hizi zilipokuwa zinaanza, alianguka. Damu iliganda kwenye mapafu, ndivyo tulivyoambiwa. Viza hatukuwahi. Mazishi tuliyatazama kwenye simu, mimi na Mama tumekaa ukingoni mwa kitanda, picha ikikatika kila walipofika kwenye udongo.

Ninachotaka ni kuona pale walipomlaza. Basi.

7 Machi

Mama hataki hata kusikia. "Mji ule umeshanila mmoja. Na wewe unataka kujipeleka mwenyewe kwenye sahani?"

8 Machi

Mvua. Mama bado amenuna.

12 Machi

Nimeomba likizo. Daktari ni mama wa makamo, ulimi wake mkali kuliko vifaa vyake. Mimi natengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki yake. Yeye anachukua chapa ya kinywa cha mgonjwa, mimi namimina plasta, nasubiri ikauke, natoa kinywa chenyewe kikiwa kigumu na cheupe kama chaki, kisha najenga meno juu yake kwa nta. Watu wengi hapa mjini nawajua kwa vinywa kabla sijawajua kwa sura.

"Nenda," Daktari alisema. "Uso wako umekuwa kama ofisi iliyofungwa."

Laiti angejua uso huu unavyonisumbua. Tangu msiba, watu waliosoma nasi wakikutana nami njiani hushika kifua. Wananipa pole huku wanarudi nyuma. Jana mama mmoja muuza mkaa alinitazama weee, mwisho akasema, "Samahani mwanangu, nilidhani ni wewe." Tulielewana.

17 Machi

Shemeji amepiga simu ya picha. Kiswahili chake kinachechemea, lakini anafika anakokwenda. Nilimwambia nimeshika tarehe. Akafurahi, akatoka nayo simu hadi kwenye roshani ili nione mji. Hamna nafasi ya kutia mguu kule chini! Pikipiki, honi, vitambaa vya rangi za kuumiza macho vimeanikwa hadi barabarani, fundi cherehani kajibana katikati ya maduka mawili, na muziki unatoka huku na kule bila kusikilizana. Mkubwa alikuwa akisema, "Huku hata msiba una spika." Aliupenda mji ule kama mtu anavyompenda shangazi mwenye fujo.

Nyuma ya Shemeji nikaona kitu kidogo kinapita. Kijiko, mtoto wao. Alipewa jina hilo la utani kwa kuwa alipoanza kutambaa hakukubali kusogea popote bila kijiko mkononi. Sasa ana umri wa kuanza shule. Nikaita, "Kijiko!" Shemeji akageuza simu upesi, nikabaki natazama dari.

"Mtandao mbaya, shemeji," akasema.

Picha ilikuwa safi kama maji.

Ndipo nilipogundua kuwa mwaka mzima hajawahi kuniruhusu nionane na mtoto yule uso kwa uso. Kila mara amelala, yuko kwa bibi yake, mtandao mbaya.

"Shemeji, kuna nini?"

"Bado," akasema. "Bado kidogo."

24 Machi

Nimechomwa chanjo ya safari. Mkono unauma. Mvua.

29 Machi

Leo Shemeji amenitumia sauti aliyoirekodi nje ya mlango wa mtoto. Niliisikiliza jioni, nimekaa mezani na Mama.

Ni Kijiko, anaongea Kiswahili. Nyumba ile hakuna tena mwenye Kiswahili, zaidi ya baba yake na hicho chake cha kuchechemea. Anasema, "Mimi nimekula." Kisha kimya. "Nimemaliza yote." Kimya. "Hapana, sijapiga mswaki." Kimya kirefu, halafu anacheka, kicheko cha mtu anayetekenywa. "Haya, naenda, naenda."

Kimya kile ndicho kilichonikausha mate. Hakikuwa kimya cha mtu aliyeishiwa maneno. Kila kimoja kilikuwa na urefu wake, urefu wa sentensi ya Mkubwa. Nilijua kila kilichokuwa ndani yake. Umekula? Umemaliza? Na mswaki, mjanja wewe?

Nikairudia. Mtoto aliposema "Hapana, sijapiga mswaki," Mama, ambaye macho yake yalikuwa dirishani, akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa: "Haya nenda kapige, usinifanye nije huko."

Na mtoto akacheka. Palepale. Kama alimsikia.

Mama akainuka, akaenda jikoni, akasahau alichofuata.

Chini ya ile sauti Shemeji alikuwa ameandika: "Maneno mimi naelewa. Mimi sielewi yeye anaongea na nani."

3 Aprili

Nimembana Shemeji hadi amesema.

"Mtoto aliambiwa nini?"

Nikasikia honi za kwao.

"Nilimwambia mama amesafiri. Amepanda ndege, amekwenda kwao."

"Na mazishi?"

"Alikuwa kwa mama yangu. Hakuona kitu. Shemeji, wewe ungeweza? Mtoto anakuangalia na macho ile, wewe ungeweza?" Kisha akasema, "Ndege ikipita, yeye anakimbia kwenye roshani. Kila ndege."

Amekwenda kwao. Kwao ni hapa. Kwa mwaka mzima, ndani ya kichwa cha mtoto huyo, Mkubwa anaishi humu ndani mwetu. Anakunywa chai kwenye meza hii. Anaangalia mvua hii. Nimekaa hapa naandika na ninajizuia kugeuka nyuma.

6 Aprili

Nimemweleza Mama. Nilidhani atamlaani Shemeji. Badala yake, asubuhi nimekuta vikombe vitatu mezani.

"Nani anakuja?" nikauliza.

"Hakuna," akasema. "Mtoto kasema yuko huku."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Kikombe cha tatu hakuna aliyekigusa, kikapoa, nikakimwaga mimi.

10 Aprili

Wakala amethibitisha tiketi. Ameniuliza kama pacha wangu anafanana nami, ili amtambue siku akija kukata yake.

14 Aprili

Shemeji amepiga tena. Leo ameniuliza kitu ambacho nimekuwa nikikihisi kinakuja, kama harufu ya mvua.

"Shemeji, nywele yako. Unaweza kusuka kama yake? Ile ya upande."

"Kwa nini?"

"Wewe unashuka kwenye ndege. Mtoto anakuona. Wewe usiseme kitu. Muache yeye aseme."

"Aseme nini?"

Nikamuuliza tena, nikitaka alitamke kwa kinywa chake.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo. "Muache aseme mama. Mwezi moja tu. Moyo yake ipumzike. Baadaye tutamwambia."

"Tutamwambia nini? Kwamba mama yake amekufa mara ya pili?"

"Mara ya kwanza yeye hakuona," akasema.

Nilikata simu. Nikaliacha dirisha wazi, na mvua ikaingia, ikalowesha kitanda.

Nilikwenda kwa Mama kutafuta mtu wa kukasirika naye pamoja. Nikamsimulia. Akanitazama usoni, polepole, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Mpe," akasema.

"Nimpe nini, Mama?"

"Mama yake. Uso huo unao bure tu, unautembeza sokoni."

Huyu ndiye aliyekuwa hataki nipande ndege. Sasa ndiye anayehesabu wiki.

19 Aprili

Mvua. Kazini kawaida.

21 Aprili

Nimesuka nywele. Ya upande.

23 Aprili

Ni vigumu kuandika haya, lakini si ya uongo. Nimeanza kufanya mazoezi. Mkubwa alikuwa na sauti ya chini kidogo kuliko yangu, na alipenda kumalizia maneno na "eti". Nikiwa peke yangu naongea hivyo. Nashuka ngazi anavyoshuka yeye, mguu wa kulia kwanza kila ngazi. Najiambia ni kwa ajili ya mtoto. Lakini leo nilijisemesha njia nzima kutoka kazini, mwavuli mkononi, na nilikuwa na furaha ambayo sijaionja mwaka mzima, kwa sababu nilikuwa namsikia.

25 Aprili

Kilichobaki kututofautisha ni jino. Tulipokuwa wadogo Mkubwa alianguka ukutani, jino la mbele likamegeka pembe. Hakutaka kamwe litengenezwe. "Hii ndiyo sahihi yangu," alikuwa akisema.

Leo mchana Daktari alikuwa na mgonjwa wa muda mrefu. Nilijichukulia chapa ya kinywa changu mwenyewe, nikamimina plasta. Ilipokauka nikaitoa, nikaikagua kwenye mwanga. Kinywa changu. Nikachukua tupa ndogo, nikakata pembe ya jino la mbele. Nilikata kidogo tu, vumbi jeupe likaangukia gauni langu.

Nikakiweka mezani, nikarudi nyuma hatua moja.

Alikuwa Mkubwa. Midomo haikuwapo, wala macho, lakini alikuwa anacheka, kama alivyokuwa akicheka anaposubiri wewe ndiye uelewe mzaha. Nilikuwa nimemtengeneza kwa mikono yangu. Nilishindwa kumgusa tena. Nimemwacha juu ya rafu, katikati ya vinywa vya wateja.

26 Aprili

Daktari amekiona. "Huyu mgonjwa nani? Mbona simjui?"

"Ndugu yangu," nikasema.

Akakishika, akakigeuza. Yeye anasoma vinywa kuliko mimi. Akatazama kile cha plasta, akanitazama mimi mdomoni, akatazama mashine ya kusagia jino iliyokuwa mezani karibu na mkono wangu, ikiwa imechomekwa kwenye umeme. Nilikuwa nimeichomeka tangu asubuhi, na sikuwa na kazi ya kusaga.

Akaichomoa mwenyewe.

"Mdogo," akasema, na hajawahi kuniita hivyo, "jino la mtu mzima likikatwa halioti."

Akaondoka, akafunga mlango taratibu.

30 Aprili

Mvua imenyesha tangu alfajiri bila kupumzika. Barabara imegeuka mto, hakuna aliyekwenda kazini. Nilikuwa sebuleni napanga nguo za safari. Mama alikuwa kwenye kiti chake, blanketi magotini.

"Mkubwa," akaita.

Nikaitika. "Abee, Mama." Haikunitoka sauti yangu. Ilitoka ile ya chini.

Uso wake ukafunguka. Sina neno jingine. Mwaka mzima nimeishi na mwanamke mwenye uso uliofungwa, nikasahau kuwa nyuma yake kulikuwa na mtu.

"Njoo ukae hapa," akasema. Nikaenda. Akanishika mkono. "Mbona ulichelewa hivyo?"

"Ndege, Mama. Zinazunguka sana, eti."

"Na mumeo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

"Na mtoto anakula?"

"Anakula. Anamaliza yote."

Akacheka, akanipapasa kiganja. Tukaongea. Nikamweleza mji wangu, vitambaa, honi, fundi cherehani aliyejibana kati ya maduka. Nilieleza vitu ambavyo sijawahi kuviona kwa macho yangu, na vilikuja vyenyewe, hadi harufu. Chai ikapoa. Nje hapakuwa na dunia, maji matupu. Nilitaka isiishe.

Mama akatazama huku na huku, kama mtu aliyekumbuka sufuria jikoni.

"Na mdogo wako yuko wapi?" akauliza. "Tangu asubuhi simwoni."

Nilifungua mdomo. Nilimtafuta kwa kweli. Nilitazama mlangoni, nikatazama nguo zilizokuwa zimekunjwa, nikatazama mikono yangu iliyokuwa ndani ya mikono yake, na kwa kitambo, sijui kirefu kiasi gani, hakuwepo. Hakuwepo popote humu ndani.

"Mdogo yuko wapi?" Mama akauliza tena, na sasa alikuwa ameanza kuogopa.

"Niko hapa!" nikapiga kelele. "Mama, niko hapa!"

Nikakimbilia chumbani, nikazifumua nywele kwa vidole, nyingine nikazing'oa.

2 Mei

Nimekivunja kile kinywa cha plasta kwa nyundo nyuma ya kliniki, nikakifagia. Kisha nikampigia Shemeji.

"Nitakuja kama mama mdogo wake, au sitakuja kabisa. Na lazima ajue kabla sijapanda ndege."

"Wewe humpendi mtoto yangu."

"Nampenda."

"Humpendi. Wewe unaogopa kwa ajili ya wewe."

"Naogopa ndiyo. Kwa ajili yangu pia."

"Basi usije," akasema.

6 Mei

Kimya. Mvua.

9 Mei

Kimya.

11 Mei

Shemeji alipiga nikiwa kazini. Alikuwa analia kiasi kwamba hata Daktari, kwenye chumba cha mbele, alisimamisha mashine.

Asubuhi ndege ilipita chini chini. Kijiko alipanda kwenye kiti roshani, akainama nje ya vyuma, akipunga. Jirani wa pembeni alimdaka kwa gauni. Miguu yake yote miwili ilikuwa hewani.

"Mwambie wewe," Shemeji akasema. "Mimi siwezi. Kiswahili siwezi, lugha yetu siwezi. Nimejaribu sasa hivi, mdomo yangu imekataa."

"Utakaa naye? Utamshika?"

"Nitamshika."

Daktari alinipa chumba chake, akaweka kibao cha kufungwa mlangoni. Nikaketi kwenye kiti cha wagonjwa. Mtoto akatokea kwenye simu, juu ya mapaja ya baba yake. Ana paji la uso letu.

Alinitazama bila kupepesa. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama tuliachana jana, "Mama. Jino lako limepona."

Kumbe hata uongo wetu ungekwama hapohapo.

"Halijapona," nikasema. "Hili halijawahi kuvunjika. Mimi si mama, Kijiko. Mimi ni mama mdogo. Mama yako na mimi tulizaliwa pamoja."

"Unaongea kama yeye."

"Tulijifunza kuongea pamoja."

Akafikiri. "Mwite basi. Yuko huko kwenu."

"Hayuko huku. Hakusafiri. Aliumwa, akafa. Huko huko kwenu. Baba alishindwa kukuambia kwa sababu ilimuuma sana."

Akageuka kumtazama baba yake. Shemeji alitikisa kichwa: ndiyo. Machozi yalikuwa yanamdondokea mtoto kwenye nywele.

"Amekufa kweli," Kijiko akauliza, "au amekufa kidogo?"

"Kweli."

Alinyoosha mkono, akailaza simu kifudifudi. Sikuona tena kitu. Nilisikia mtaa wao kwa muda mrefu, honi, muziki, mtu anaita wateja, na katikati yake sauti moja ndogo ambayo sitaiandika. Hakuna aliyekata simu. Sikuikata mimi.

15 Mei

Shemeji anasema chumba cha mtoto kimenyamaza. Haongei tena na mtu. Na Kiswahili amekiacha, hata neno moja. Mama yake Shemeji amesema mimi ndiye niliyemuua yule mwanamke.

"Labda mama yangu anasema kweli," akaniambia. Hakusema kwa hasira, na ingekuwa afadhali angesema kwa hasira.

17 Mei

Leo nimempigia Mama magoti nikamwambia, "Mama, siku ile haikuwa Mkubwa. Ilikuwa mimi."

"Unadhani mimi kichaa?" akasema. "Nilijua. Nilitaka tu kumsikia kidogo." Akavuta blanketi. "Nilijua, mpaka nilipoanza kukutafuta wewe nikakukosa. Hapo nikaogopa, mwanangu. Nikasema, nimewamaliza wote wawili."

Sikumbuki ni lini mara ya mwisho tulilia pamoja. Mazishini kila mmoja alilia na ukuta wake.

22 Mei

Viza imetoka. Nimemtumia Shemeji picha yake bila maneno. Amejibu neno moja: "Njoo."

27 Mei

Siku ya nne bila mvua. Tope limekauka, limepasuka. Wakala amenipigia mwenyewe kunitakia safari njema, akaniambia nisimsahau kwa mzigo wa zawadi. Nikamweleza kuwa pacha wangu alishafariki. Akasema, "Dada, na mimi nimekutania miezi yote hii." Nikamwambia ndiyo maana nilikuwa napenda kuja ofisini kwake.

Mama amenishika uso kwa mikono miwili mlangoni. "Urudi wewe," amesema. "Wewe mwenyewe."

28 Mei

Uwanja wa ndege wa katikati. Baridi ya mashine. Vioo vya vyoo vyao vikubwa mno. Nimenawa nikiwa nimefumba macho.

29 Mei

Nimefika. Joto lilinikumbatia mlangoni mwa ndege kama jamaa asiyejua mipaka. Shemeji amekonda. Kijiko alisimama nyuma ya mguu wake, akanitazama kwa jicho moja. Sikumsogelea. Nilimwambia, "Shikamoo hunipi, basi hujambo." Kwenye gari aliangalia dirishani njia nzima, na mji wote ukatupita ukipiga kelele.

Tuliposhuka chini ya jengo lao, mwanamke anayeuza vitambaa aliniona. Aliacha robota likaanguka, akapiga ukelele, na wengine wakageuka, na ukelele ukapita kutoka kibanda hadi kibanda. Mmoja alipiga goti. Mwingine alikimbia. Shemeji alianza kueleza kwa sauti ya juu, akikwama, akifuta jasho. Nilisimama pale na uso wa marehemu wao, nikitamani kuuvua niufiche mfukoni.

Ndipo Kijiko alipotoka nyuma ya baba yake. Akasimama mbele yangu, mgongo kwangu, akawaambia kitu kwa lugha yao, sentensi moja, kwa ukali. Mtaa ukanyamaza.

"Amesema nini?" nikamuuliza Shemeji.

"Amesema muache kelele. Amesema wewe ni mdogo wa mama yake, na umechoka na ndege."

Kisha akapanda ngazi bila kunitazama.

31 Mei

Haongei nami. Anakula nikiwa mezani, hilo nalo ni jambo. Nalala kwenye chumba cha mbele. Sijasikia lolote kuta hizi zikisema, na mwanzoni hilo liliniuma.

2 Juni

Leo asubuhi tumekwenda makaburini, sisi watatu. Mtoto hakuwahi kupelekwa. Ni mahali pa kawaida, nyuma ya barabara ya malori. Jiwe, jina lake la cheti ambalo ilibidi nilisome mara mbili, nyasi fupi. Niligusa jiwe, lilikuwa na joto la jua tu.

Tuliporudi, Shemeji aliweka maji jikoni. Kijiko alisimama mlangoni, viatu bado vina vumbi, akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama anayejaribu kama bado kinafanya kazi:

"Mama mdogo. Mama alipokuwa anakufa, alikuwa na nani?"

Nilitaka kumjibu, nikagundua kuwa sijui. Mwaka mzima tulipewa neno la hospitali, damu, mapafu, na hakuna aliyethubutu kuuliza zaidi. Mimi na mtoto tukamgeukia Shemeji pamoja. Nadhani zilikuwa nyuso mbili zinazofanana.

Alizima jiko. Akakaa sakafuni, mgongo kwenye kabati.

"Na mimi," akasema. "Alikuwa na mimi. Hapa." Akagusa sakafu kando yake. "Asubuhi. Yeye anaimba, mimi natafuta soksi. Halafu haimbi. Nilikuja, yeye amekaa hivi, kama mimi sasa. Nilisema, nini? Yeye ananicheka, ananiambia si kitu, leta maji. Nilileta maji. Nilimshika hapa, nyuma ya kichwa. Yeye anataka kusema kitu kwangu, lakini hana… hana…"

Alitafuta neno. Alilitafuta kwa lugha yake, akaliacha. Akaweka mkono kifuani, akaupandisha, akaushusha, akatutazama.

"Pumzi," Kijiko akasema.

"Ndiyo. Hana pumzi."

Mtoto akaingia jikoni, akakaa sakafuni karibu na baba yake, bega kwa bega. Nami nikakaa upande wa pili. Shemeji akaendelea kusimulia, na kila alipokwama Kijiko alimpa neno, hadi alipofika mwisho.